Sura ya Saba: Bunduki Inayosafiri kwa Namba

Mkulima wa pamba wa Zagayu anaweza kumaliza maisha yake bila kupanda ndege, lakini zipo safari za ndege zinazomhusu. Kata yake imo katika wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa. Upande wa mashariki wilaya hiyo inapakana na Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962, na nyuma ya pori hilo ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ndani ya Serengeti haruhusiwi mtu kuwinda. Ndani ya Maswa uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa kibali, na msimu unapofunguliwa mwezi Julai wageni huanza kuwasili kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko, wengi wao wakiwa na bunduki zao wenyewe.

Bunduki hizo husafiri kwa ndege za abiria. Zinapovuka bahari na jangwa, juu yake wameketi wanafunzi wanaorudi likizo, wafanyabiashara, akina mama wenye watoto wachanga na watalii wasiowahi kushika hata manati. Karibu wote hawajui kwamba chini ya viti vyao kuna silaha ya kuangushia nyati, na hata hivyo wanafika salama. Usalama huo una sababu zake, na sura hii inazifuatilia hatua kwa hatua, kutoka kaunta ya kwanza ughaibuni hadi uwanja wa vumbi ulio porini. Nikifika mwisho nitadai jambo moja: uangalifu unaoifuata bunduki angani usiishie pale ndege kubwa inapotua. Uendelee hadi kwenye mipaka ya vijiji, maana wanaoishi jirani na pori ndio wenye haki ya kwanza ya kujua ni bunduki ngapi zimeingia na ni ngapi zimetoka.

Kutoka mabegani mwa wapagazi hadi angani

Theodore Roosevelt alipomaliza urais wa Marekani mwaka 1909, alikuja kuwinda Afrika Mashariki. Alishuka Mombasa mwezi Aprili akiwa na masanduku ya bunduki yaliyokuja naye melini. Kutoka pwani yalipanda reli ya Uganda, na mbele ya reli yakabebwa na wapagazi. Miaka minne baadaye, mwaka 1913, Mmarekani mwingine, Stewart Edward White, alitoka Nairobi akaingia Serengeti kwa miguu. Zama hizo bunduki ilisafiri pole pole, na kila aliyekutana na msafara aliiona kwa macho yake.

Wasukuma nao walikuwa na wawindaji wao kabla ya wageni hao. Bayege walikuwa chama cha wawindaji wa tembo, chenye miiko yake na nyimbo zake. Gobore lilipoingia Usukumani likakaa pamoja na upinde na mishale, na hata Sungusungu walipoanza kulinda vijiji mwanzoni mwa miaka ya 1980, upinde ndio ulikuwa silaha yao kuu. Kwa hiyo mtu wa Zagayu hahitaji kufundishwa silaha ni nini. Jambo geni kwake ni silaha kufika kwa siku moja kutoka ng'ambo ya dunia.

Njia za wageni zilibadilika katika miaka ya 1970. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, ulifunguliwa mwaka 1971. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji na haijaufungua hadi leo. Tanzania ilipofungua milango, dunia ilikuwa imeshahamia kwenye ndege, na mwindaji aliweza kutua kaskazini mwa nchi na bunduki yake bila kugusa bandari.

Siku ndege ya Mwanza ilipotekwa

Kanuni ya kwanza ya silaha ndani ya ndege ya abiria ni kwamba asiwepo mtu yeyote anayeweza kuifikia wakati wa safari. Watu wa Kanda ya Ziwa wana sababu ya karibu ya kuielewa kanuni hiyo. Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737 iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Vijana waliokuwemo wakaiteka. Wakaipeleka Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, hadi ikatua Stansted, Uingereza. Walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Baada ya mazungumzo, ambayo Oscar Kambona aliyekuwa uhamishoni London alishiriki, walijisalimisha.

Baadhi ya silaha zilizowatia abiria hofu zilikuwa bandia. Hilo halikupunguza kitu. Silaha ikionekana mkononi mwa mtu katikati ya abiria, safari imeshaharibika, iwe imejazwa risasi au haikujazwa. Ndiyo maana Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambacho ni msingi wa usalama wa viwanja vya ndege duniani, kinaweka masharti mawili kwa bunduki ya abiria. Mtu mwenye mamlaka na ujuzi lazima ahakikishe kwamba haina risasi. Kisha lazima iwekwe mahali ambapo hakuna mtu atakayeifikia hadi ndege itue. Jina la mwenye bunduki, fedha zake na cheo chake havibadilishi chochote katika masharti hayo.

Kwenye kaunta

Mwindaji aliyezoea hufika uwanjani mapema kuliko abiria wengine, naye huanza kwa kusema. Anamwambia mhudumu wa kaunta, kabla mzigo haujagusa mizani, kwamba ana bunduki. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Katika jambo hili anayeficha hapandi ndege, na huenda akalala mahabusu.

Hapo huitwa afisa. Kasha linakuwa gumu, la plastiki nzito au aluminiamu, lenye kufuli kila upande. Likifunguliwa, bunduki imelala kwenye sponji iliyochongwa kwa umbo lake. Kama ni ya bolti, bolti imetolewa na kulazwa pembeni, na ukitazama kutoka nyuma unaona mwanga ukipita ndani ya mtutu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama ni ya mitutu miwili, imekunjuliwa na vyumba vyote viwili ni vitupu. Afisa huiinamia, akafuta mafuta kwa kidole gumba, akaisoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Anaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na mwenzake anaifuatilia kwenye karatasi.

Namba hiyo ndiyo inayosafiri. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, kaliba moja na rangi moja haziwezi kutofautishwa kwa macho, lakini namba zake ni tofauti. Mmarekani anayetoka kwao huisajili kwa forodha kwenye fomu namba 4457, ili akirudi isionekane kama ameinunua nje. Raia wa Umoja wa Ulaya huwa na Pasi ya Silaha ya Ulaya, ambamo kila bunduki yake imeandikwa. Kibali cha Tanzania nacho hubeba namba ileile. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi kwenye karatasi moja tu, bunduki ya halali inageuka kuwa bunduki nyingine, na mwenyewe hana la kujitetea mpaka kosa lirekebishwe kule lilikotokea.

Baada ya kusomwa, kasha hufungwa. Nchini Marekani sheria inataka ufunguo ubaki kwa abiria peke yake. Kutoka hapo kasha halipiti kwenye mkanda wa mabegi ya kawaida katika viwanja vingi. Hupelekwa kwa mkono hadi sehemu ya mizigo ya ndege.

Wanaotia hofu zaidi ni wale wasiosema. Mwaka 2023 wakaguzi wa Mamlaka ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, TSA, walikamata bunduki 6,737 katika vituo vya kukagulia abiria, na 93 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa waliokamatwa walijitetea kwamba walisahau. Bunduki ya mwindaji iliyotangazwa na kusomwa namba haimo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Kilo tano za risasi

Abiria wengi hushangaa wakisikia kwamba risasi zinaruhusiwa kwenye ndege ilhali kiberiti cha gesi kinaleta ugomvi. Sababu iko kwenye namna risasi inavyofanya kazi. Risasi ikiwa ndani ya bunduki, baruti inawaka ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, na hewa inayofura haina pa kwenda ila kuisukuma mbele kupitia mtutu. Risasi hiyohiyo ikiungua ndani ya boksi haina mtutu wa kuielekeza. Ganda hupasuka, nguvu husambaa ovyo, na madhara hubaki karibu na kifurushi. Kwa hiyo kanuni za kimataifa za bidhaa hatari zinaiweka katika daraja la 1.4S, daraja la vilipuzi ambavyo vikifungashwa vizuri ajali yake haivuki kifurushi.

Ruhusa hiyo ina kikomo. Kila abiria anaruhusiwa kilo 5, zikipimwa pamoja na boksi lake, kwa matumizi yake mwenyewe. Mume hawezi kubeba zake na za mkewe katika kifurushi kimoja. Risasi zenye ncha ya kulipuka au ya kuwasha moto haziruhusiwi kabisa. Boksi la risasi 20 za kaliba ya .375, ambayo kwa kawaida ndiyo ndogo kuliko zote zinazokubalika hapa nchini kwa nyati na simba, lina uzito unaokaribia kilo moja. Kwa hiyo kilo 5 ni takribani risasi 100, na mwindaji makini hamalizi hata nusu yake.

Kanuni hizi zina jambo la kuwagusa watu wa Usukumani. Gobore lenyewe, kama chuma na mti, lingeweza kusafiri kwa ndege likiwa na hati zake. Chakula chake hakiwezi. Baruti ya unga haipandi ndege ya abiria kwa hali yoyote, wala fataki za kuiwashia zikiwa peke yake. Baruti iliyo wazi haina ganda la kuizuia. Cheche moja inatosha, na inawaka yote kwa pamoja. Mtu anayeelewa hilo atajua pia kwa nini baruti haifai kuhifadhiwa ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Kila nchi ina neno lake

Kutoka Amerika au Ulaya hadi Kilimanjaro mara nyingi kuna kituo cha kati. KLM hupitia Amsterdam, Ethiopian Airlines hupitia Addis Ababa, Qatar Airways hupitia Doha. Mwindaji anaweza kudhani kwamba bunduki isiyotoka tumboni mwa ndege au ghalani haijaingia nchi ya mtu. Sheria haioni hivyo. Kila nchi inayo mamlaka juu ya anga yake na viwanja vyake, na nchi nyingi hutaka kibali cha kupitisha silaha hata kama mwenyewe anabadilisha ndege tu. Uholanzi ni mojawapo. Kibali huombwa kabla ya safari, na shirika la ndege nalo lazima liwe limekubali. Tiketi ikibadilishwa ghafla na abiria akapitishwa mji mwingine, hati zote za awali zinaweza kukosa kazi.

Tusichanganye pia bunduki na nyara. Julai 2015 simba aliyejulikana kwa jina la Cecil aliuawa karibu na Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, na dunia ikapandwa na hasira. Mwezi uliofuata mashirika ya ndege ya Delta, American na United yalitangaza kutobeba nyara za simba, chui, tembo, faru na nyati. Katazo hilo lilihusu pembe, ngozi na vichwa vinavyorudi na mwindaji. Bunduki ina masharti yake ya kando, na shirika linalokataa kimoja linaweza kukubali kingine.

Kutoka KIA hadi porini

Mgeni akitua KIA, kampuni ya uwindaji iliyomwalika inakuwa imeshaomba kibali chake cha kuingiza silaha kwa muda. Silaha nchini zinasimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uwindaji wenyewe uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mapori ya akiba kama Maswa yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Bunduki zinazojipakia na kufyatua zenyewe hazikubaliki kwa uwindaji. Polisi na forodha hufungua kasha, na ile kazi ya kusoma namba inaanza upya. Namba iliyosomwa kwenye kaunta ya kwanza lazima ilingane na ya kibali. Risasi huhesabiwa, na kaliba yake lazima iwe ya bunduki iliyoandikwa.

Kutoka hapo wengi hupanda ndege ndogo, kama Cessna Caravan, kwenda viwanja vya vumbi vilivyo karibu na kambi. Sheria za angani hazibadiliki, lakini mazingira yanabadilika sana. Uzito hupimwa kwa uangalifu, na kasha gumu lililovuka bahari linaweza kuwa zito mno, hivyo bunduki huhamishiwa kwenye mfuko laini. Abiria na mizigo wako karibu. Hakuna kaunta wala mashine ya ukaguzi. Anayebaki na jukumu ni rubani na mwindaji bingwa, yule mtaalamu mwenye leseni anayemwongoza mgeni porini. Wao wawili ndio wanaopaswa kukagua chumba cha risasi, kutenganisha bolti na bunduki, na kuweka risasi mbali. Nawaheshimu wanaofanya hivyo kila safari bila kusimamiwa na mtu, maana hapo ndipo uzembe unapata nafasi kwa urahisi.

Bunduki isiyosomwa na mtu

Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower, mwenye umri wa miaka 37, alikuwa akirusha helikopta juu ya Maswa katika kazi ya kupambana na ujangili. Alikuwa akifanya kazi na Mfuko wa Uhifadhi wa Friedkin. Yeye na mwenzake waliona mzoga wa tembo, wakaufuatilia. Majangili waliokuwa chini wakafyatua risasi zilizopenya hadi ndani ya helikopta na kumpiga. Gower alijitahidi akaishusha helikopta, na mwenzake akanusurika. Yeye alifariki dunia.

Tukio hilo lilitokea mkoani Simiyu, katika pori lilelile linalopokea bunduki zilizosafiri kwa hati kutoka ng'ambo. Bunduki iliyomuua rubani haikufikishwa mbele ya afisa yeyote siku ile isomwe namba na kuhesabiwa risasi zake. Haiwezekani kuwalinda watu, tembo na marubani kwa kuogopa kila bunduki sawasawa. Inabidi kutenganisha ile inayojulikana iko wapi na mikononi mwa nani, na ile isiyojulikana. Na ile inayojulikana inaweza kuwa isiyojulikana kwa usiku mmoja, ikiazimwa, ikikodishwa au ikiachwa kambini bila kuandikwa.

Wanachopaswa kudai majirani wa pori

Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo ina uzito zaidi mali yenyewe ikiwa inaua. Msimu ukiisha, mgeni hurudi KIA na namba ileile. Bunduki iliyoingia kwa muda lazima itoke, na risasi zilizobaki lazima zilingane na zilizoingia ukitoa zilizotumika. Usafiri wa anga umeshatufundisha kazi hii, na inafanyika kila siku kwa maelfu ya kilomita.

Vijiji vya Itilima, Bariadi na Meatu vinabeba gharama ya kuishi na wanyamapori. Tembo huingia mashambani, mahindi na pamba huharibika, na watu hufa. Wanaovumilia hayo wana haki ya kuambiwa zaidi ya kiasi cha fedha kinachorudi halmashauri kutokana na uwindaji. Nadai kila kitalu cha uwindaji kinachopakana na vijiji kiwe na daftari la uwanja wake wa vumbi, linaloonyesha siku, idadi ya bunduki zilizoshuka na idadi ya zilizoondoka. Majina ya wageni na namba za bunduki yabaki kwa polisi na TAWA, maana si za kila mtu. Idadi isomwe kwenye mkutano wa kijiji mwisho wa msimu, kama inavyosomwa taarifa ya mapato na matumizi. Zikiingia bunduki 14 na zikatoka 14, mwenyekiti aseme hivyo mbele ya watu. Zikitoka 13, mkutano usifungwe bila polisi kueleza ya 14 iko wapi.